Siku Niliyoita Saga Bustanini

Harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa asubuhi ikinifikia, hata nikiwa sokoni katikati ya samaki, mdomo wangu huanza kuita majina kabla sijauruhusu. Mzee Okelo, aliyefanya kazi kwenye meli za ziwani mpaka akastaafu. Nyar Ugenya, mwenye karai la mafuta pale langoni, aliyeniajiri. Mama Njeri wa viazi. Joel fundi wa baiskeli, ambaye wakati huo alikuwa na kiatu kimoja tu, cha kulia. Kina mama wanane wa kwaya, ambao majina yao nayajua yote lakini leo sitakuchosha nayo. Vijana wa timu ya mpira, isipokuwa golikipa, aliyesema tumbo linamsokota na jioni tukamwona akitafuna mahindi ya kuchoma. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba yangu, aliyefika saa nne akiwa na begi kubwa lisilo na kitu ndani. Na wadogo zangu watatu, Otieno, Awuor na Omondi. Omondi alikuwa na miaka mitatu, na kazi yake siku ile ilikuwa kuanguka mtaroni na kutolewa, kuanguka na kutolewa.

Hao ndio waliokuwepo. Nimewataja kwanza kwa sababu kwetu mtu akiita wenzake wamsaidie kazi, ni lazima awakumbuke waliokuja. Haandiki popote. Anakaa nao kichwani mpaka kila mmoja wao naye aite, ili aende. Kazi ya namna hiyo Wajaluo tunaiita saga, na mimi niliita ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mitatu, bila kujua ninafanya nini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Mtaa wetu wa Kisumu ulianza na safu za nyumba za mabati upande wa juu, halafu bustani, halafu mafunjo, halafu ziwa. Bustani yenyewe usiifikirie kama zile za kwenye kalenda. Ilikuwa na bembea mbili, moja ikiwa na mnyororo mmoja mfupi kuliko mwenzake, kwa hiyo ukibembea ulikwenda ubavu ubavu kama kaa. Kulikuwa na mtelezo wa chuma ambao saa sita za mchana ungeweza kuupikia chapati, benchi la saruji, na miti minne ya siala iliyodondosha maua ya manjano juu ya kila kitu, hata juu ya samaki wa Nyar Ugenya. Upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya matope na omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa, na sauti ya ndege wa mafunjoni waliogombana tangu kulipokucha.

Kwetu sisi wanne bustani ile ilikuwa sehemu ya nyumba. Mama alitangulia, baba akamfuata baada ya mwaka na kidogo. Nikaacha shule nikiwa darasa la sita. Baada ya mazishi ya baba, baba mdogo alituketisha. Hakuwa mtu mbaya, hilo naomba uliweke akilini. Alikuwa mkulima wa Pap Onditi mwenye watoto saba wake mwenyewe, na alikuwa ameshatufikiria vya kutosha. Otieno aende naye akachunge ng'ombe. Awuor aende kwa shangazi, Port Victoria. Omondi apelekwe kwa mama yake mama. Mimi nitafutiwe nyumba ya watu nikalee mtoto wao.

Nikasema hapana. Mpaka leo sijui nilipata wapi mdomo.

"Hapana nini?" akauliza.

"Nitawalea hapa hapa, Baba. Wote."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia ndama na kujiuliza kama atapona. "Sawa," akasema mwishowe. "Lakini siku nitasikia kuna mtoto mmoja hapa hana mtu wa kumwangalia, nakuja na begi."

Hapo ndipo bustani inapoingia. Nyar Ugenya alinipa kazi ya kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kukatwa na kupelekwa kwa watu wenye pesa. Karai letu lilikuwa langoni mwa bustani. Otieno akiwa shuleni, Awuor na Omondi walicheza ndani, na mimi niligeuza mifupa kwenye mafuta huku jicho moja likiwa kwao. Pale lisipofika jicho langu, lilifika la Mama Njeri, ambaye kibanda chake cha viazi na maharagwe kilikuwa ng'ambo ya lango. Pale asipoona Mama Njeri, waliona kina mama wa kwaya waliokuja na vitambaa vyao vya kufuma wakakaa kwenye benchi. Omondi hakuweza kutia udongo mdomoni bila wanawake watano kupiga kelele kwa pamoja. Hivyo ndivyo watoto wangu walivyokuwa na mtu wa kuwaangalia. Nasema wangu. Nilizoea kusema hivyo mapema.

Sasa nikueleze habari za Chifu. Chifu alikuwa kiboko. Alitoka mafunjoni giza likiingia, akala majani ya bustani, akarudi majini kabla hapajapambazuka, na sisi asubuhi tulikuta nyayo zake kubwa kama sahani, watoto wakazijaza maji na kufanya mabwawa ya vyura. Tulimwita Chifu kwa sababu alikuja bila taarifa, akala asichopanda, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Tuliishi naye hivyo kwa miaka. Mchana ni yetu, usiku ni yake.

Mpaka alfajiri moja Joel fundi wa baiskeli alipokata njia bustanini, mkate kwapani. Majani yalikuwa marefu, msimu wa mvua. Chifu alikuwa amechelewa kurudi nyumbani. Tulichokiona sisi, jua lilipotoka, ni Joel akiwa amekaa juu kabisa ya mtelezo, amekumbatia magoti. Alikuwa ameupanda kwa upande wa kutelezea, jambo ambalo watoto wote wa mtaa tulikuwa tumelijaribu kwa miaka tukashindwa. Kiatu cha kushoto na mkate havikuonekana tena.

"Alikuwa mkubwa kama ng'ombe," alituambia siku ile. Kufikia Ijumaa alikuwa mkubwa kama lori. Jumapili, baada ya kanisa, alikuwa na taa.

Tulicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Mtu alikuwa amekimbizwa, na habari ilifika mjini. Akaja Bwana Were, afisa aliyesimamia bustani, juu ya baiskeli ambayo Joel mwenyewe ndiye aliyekuwa akiitengeneza. Alipigilia kibao langoni, BUSTANI IMEFUNGWA, HATARI, akatuambia mwisho wa mwezi mafundi watakuja kuzungushia seng'enge.

Watu walimzunguka. Nyar Ugenya alishika kijiko chake cha kugeuzia samaki kama rungu. "Bwana Were, kama ni hatari unafunga, si ufunge na ziwa? Huko kuna mpaka mamba."

"Mama, cheka tu," akasema Bwana Were kwa upole. "Mimi pia niko na watoto. Huyo mnyama akiua mtu hapa, nitaambia mama yake nini? Kwamba nilikuwa najua?"

Maneno yalikuwa ya kweli. Kisha Mama Njeri akavuka barabara, akipangusa mikono kwenye leso. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, aliyetoka Nyeri na kuuza viazi mtaani kwetu tangu kabla sijazaliwa, na alisema Kiswahili kana kwamba kila neno analiweka kwenye mizani. "Ukifunga hapa, hawa watoto watacheza wapi? Pale?" Akaonyesha barabara, ambako lori la miwa lilikuwa likipita na kuacha mavumbi nyuma. "Hiyo ndiyo salama?"

Bwana Were aliitazama barabara. Akakitazama kibao chake. "Basi nileteeni bustani ambayo kiboko haingii," akasema. "Mkifanya hivyo, kibao nitakitoa kwa mkono wangu."

Wakaendelea kubishana. Mgongo wazi uliungua kwenye karai na sikuuona. Nilikuwa namwona baba mdogo kule Pap Onditi akishusha begi kutoka juu ya kabati.

Mkutano ulifanyika jioni ile ile, wazee kwenye benchi, wengine kwenye bembea, mmoja akibembea ubavu ubavu huku akitoa maoni. Ikaonekana wazi kwamba shida ni majani. Majani marefu yanamficha kiboko, na majani ndiyo chakula chake. Ondoa majani, umeondoa kiboko. Wote tukaona jambo hili ni la akili sana. Kesho yake mtaa mzima uliingia na mafyekeo na mapanga. Siwezi kukueleza furaha ya siku ile. Harufu ya majani ilifika mpaka kwenye nyumba za juu, watoto walijirusha kwenye marundo, kina mama wa kwaya waliimba kwa sauti nne, na jioni bustani ilikuwa laini kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa kwenda shule. Joel alitembea katikati yake, kiatu kimoja mguuni, kuonyesha kwamba haogopi.

Halafu mvua ikanyesha siku tatu.

Wewe unayefuga ng'ombe umeshajua kilichofuata. Sisi tulikuwa watu wa mjini wakati huo, hata wale waliojiona wa kijijini. Majani yalichipuka upya, mafupi, laini, matamu, ya kijani kinachong'aa. Na asubuhi ya siku ya sita tukakuta nyayo kama sahani, kama kawaida, na kando yake nyayo nyingine, ndogo, kama visahani.

"Yawa!" akalia Nyar Ugenya. "Hii kitu imeleta mtoto!"

Kumbe Chifu alikuwa mwanamke. Hilo nalo lilizua mjadala.

Mzee Okelo hakuwepo siku ya kufyeka. Alikuwa Mamboleo kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi na kuambiwa tulichofanya, alicheka mpaka akatafuta benchi akaketi, na kofia yake ikaanguka. "Mmemwandalia meza," akasema, akipangusa macho. "Mmemfyekea mboga changa, akaona si vizuri kula peke yake, akaita familia."

Alipomaliza kucheka alitufundisha. Yeye alikulia ufukweni, ambako watu walilima mahindi hatua mia moja kutoka kwa viboko. Rao, alisema, akimtaja kiboko kwa Kijaluo, ni mnyama mwenye tumbo zito na miguu mifupi. Anakimbia kukushinda, lakini kuruka hajui, na kupanda hapendi. Ukichimba mtaro wa kufika kiunoni, na ukaweka tuta upande wa pili, atafika, atanusa, atatembea kandokando, kisha ataenda kula kwingine. Kwao shamba zima lilizungushiwa mtaro. Hapa ungetosha upande wa ziwani, kutoka ukuta wa ghala lililopakana na bustani hadi kwenye mawe makubwa ya upande wa pili.

"Na nani anachimba?" akauliza Joel.

Hapo furaha ikakatika. Mmoja alisema ni kazi ya wakubwa wa mji. Mwingine alisema vijana wachimbe. Vijana wakasema wenye watoto wachimbe. Siku zilikuwa zimebaki tisa kabla ya seng'enge. Walibishana jioni ya kwanza, wakabishana jioni ya pili, na Mzee Okelo akawa anachora ardhi kwa fimbo. Nilipompelekea samaki wake nilimsikia akisema kama anayejisemea: "Kwetu hii ingekuwa saga tu, siku moja imekwisha. Lakini saga inaitwa na mwenye shamba. Bustani ni ya watu wote. Sasa nani aite?"

Mimi nikaona hilo ni jambo jepesi. Kama hakuna wa kuita, basi ataita anayehitaji zaidi, na hakuna aliyehitaji bustani kuliko mimi. Nilifunga leso, nikamwacha Awuor amshike Omondi, nikapiga hodi nyumba ya kwanza.

"Jumamosi nina saga," nikasema. "Ya kuchimba mtaro. Njoo."

Nilipita nyumba zote. Nakumbuka nyuso zao. Walinitazama, wakatazamana, kisha wakanitazama tena, na mimi nikadhani ni kwa sababu nimepaka masizi puani. Mzee mmoja aliuliza, "Saga ya nani?" Nikasema yangu. "Ya kwako wewe, Adhiambo?" Nikasema ndiyo, na chakula kipo. Hilo la chakula nililiongeza kwa sababu nilikumbuka mama akisema saga ina chakula. Nyumbani nilikuwa na unga gorogoro mbili na kopo moja la omena.

Mama Njeri aliweka chini debe la viazi. "Hiyo saga ni nini? Ni harambee?"

"Ni kama harambee, Mama, ila hakuna hotuba."

"Hakuna hotuba," akarudia, na uso wake ukang'aa. "Hiyo nitakuja."

Jumamosi niliamka kukiwa bado na umande. Niliteleka omena kwenye sufuria kubwa ya Nyar Ugenya, nikaona wamefunika chini tu, nikaongeza maji, nikaongeza nyanya, nikaongeza chumvi bila kupima. Nilikuwa na uhakika hakuna atakayekuja. Kisha nikasikia vyuma vikigongana njiani. Walikuja na majembe begani, wengine bado wanapiga miayo. Joel alikuja na sepetu, mguu wa kushoto peku. Kina mama wa kwaya walikuja na makarai ya kubebea udongo. Mzee Okelo alipima mstari kwa kamba na vigingi, akavua kofia, akaniita.

"Mwenye saga ndiye anapiga jembe la kwanza."

Nikapiga. Jembe liligonga jiwe likaruka, watu wakacheka, na kazi ikaanza.

Tulichimba vibaya kwa nusu saa. Kila mtu alitupa udongo upande wa chini, wa ziwani, kwa sababu ndiko rahisi. Mama Njeri alifika na jembe lake la meno matatu, akasimama mikono kiunoni kama mwalimu mkuu.

"Simameni! Nani amewafundisha hii? Udongo unatupwa juu. Juu! Mkitupa chini mvua itaupeleka kwa ziwa wote. Nyumbani kwetu ni milima tupu, tungetupa chini tungekuwa tunakula samaki kama nyinyi."

"Mama, juu ni kazi nzito," akalalamika kijana mmoja wa mpira.

"Ndiyo maana umeletwa na mikono miwili."

Akaingia mtaroni. Sijaona mtu achimbe vile. Alishusha jembe, akageuza, akatupa, akashusha, bila haraka na bila kupumzika, na pumzi yake ikageuka wimbo wa kwao. Nyar Ugenya, asiyejua neno moja la Kikikuyu, alimjibu kwa Kijaluo kutoka upande wa pili, akitunga maneno kuhusu kiatu cha Joel. Wakachimba hivyo, mmoja akiimba asichoelewa mwenzake, mwingine akijibu asichoulizwa, na mstari mzima ukashika mwendo wao. Mbele yetu mtaro, nyuma yake tuta likipanda. Mama Njeri akasema tuta lipandwe majani ili lisiporomoke, na watu kumi wakapiga kelele kwa pamoja kwamba tutamwandalia Chifu meza tena. Akacheka mpaka akashika mpini. Tukapanda mkonge.

Saa nne, nikiwa napeleka maji, nilimwona baba mdogo langoni. Alivaa koti la safari, na mkononi alikuwa na begi. Habari za kiboko zilikuwa zimefika Pap Onditi pamoja na wachuuzi wa samaki. Kikombe kilinitoka mkononi. Wakati huo huo Omondi akaanguka mtaroni, na kabla hata sijapiga hatua mikono minne ilikuwa imemnyanyua, imempangusa na kumrudisha juu ya tuta.

Baba mdogo aliona. Alikuwa bado ameshika begi. Joel, asiyemjua, alidhani ni mkazi aliyechelewa. "Mzee, saa hizi ndio unakuja? Jembe hilo hapo."

"Kuna kazi gani hapa?"

"Ni saga."

"Ya nani?"

"Ya Adhiambo."

"Adhiambo gani?"

"Kwani uko na Adhiambo wangapi?" akasema Joel. "Adhiambo mwenye nyumba ile ya mlango wa buluu."

Baba mdogo alitazama mstari wote wa watu, kutoka ukuta wa ghala hadi kwenye mawe. Alitazama muda mrefu, kama alivyonitazama mimi siku ya mazishi. Kisha akavua koti, akalikunja, akaliweka ndani ya begi, akaliegemeza begi kwenye mti wa siala, akashuka mtaroni. Alichimba mpaka mchana kati ya Mzee Okelo na kijana wa mpira, na kijana ndiye aliyeomba kupumzika.

Mchana walikula. Nilipakua nikiomba moyoni sufuria ifike angalau nusu ya watu. Ikafika nusu. Ikafika robo tatu. Watu wa kwanza wakaja kuongeza, na bado kulikuwa na omena, tena wenye nyanya nyingi kuliko nilizotia. Ugali nao haukuisha. Niliamini kabisa ni muujiza, na Jumapili nilisimama kanisani nikausimulia. Kina mama wanane wa kwaya waliinamisha vichwa, na mimi nikadhani wanasali. Ilinichukua miaka kujiuliza kwa nini siku ile kila mmoja wao alipita jikoni kwangu kutafuta chumvi, na kwa nini wote walikuja na leso zilizovimba.

Jioni baba mdogo alinawa, akatoa koti ndani ya begi, akalikung'uta. Nilisimama mbele yake na wadogo zangu nyuma yangu.

"Omena walizidi chumvi," akasema. Akalikunja begi, likawa dogo, akaliweka kwapani, akaondoka.

Jumatatu asubuhi Bwana Were alikuta nyayo kama sahani na nyayo kama visahani zimefika ukingo wa mtaro, zikatembea kandokando mpaka kwenye mawe, zikarudi mpaka ukuta wa ghala, kisha zikaelekea mafunjoni. Alizifuata kwa miguu, kwenda na kurudi, kama mtu anayesoma barua mara mbili. Alirudi langoni, akaomba koleo ya Joel kung'olea misumari, na kibao akakitoa kwa mkono wake. Mbao haikupotea. Tuliitumia kutengeneza kiti cha bembea, na kwa miaka mingi watoto wa mtaa walikalia neno HATARI.

Nimekuambia nilifanya jambo nisilolijua. Nililijua siku ya harusi ya Awuor, baba mdogo akiwa mzee sasa, ameketi kando yangu na soda. Aliniambia kwamba saga haiitwi na mtoto. Haiitwi hata na kijana asiyeoa. Inaitwa na mwenye boma. Mtoto akiita, watu hucheka na kubaki nyumbani, na hakuna anayewalaumu. "Mimi nilikuja na begi kuvunja nyumba ya watoto," alisema. "Nikakuta watu wameitikia. Wakishaitikia, hiyo si nyumba ya watoto tena. Ningevunja nini?" Ndipo nikakumbuka zile nyuso mlangoni, zikitazamana kabla ya kunitazama. Walikuwa wakiamua, nyumba moja baada ya nyingine, kama mimi ni mwenye boma. Mtaro ungechimbwa na yeyote.

Tangu siku ile ya mtaro nimekuwa nikilipa. Mzee Okelo aliita alipojenga nyumba ya mwanawe, nikakanda udongo siku mbili. Nyar Ugenya aliita, baba mdogo aliita, kwaya na vijana wa mpira wameita mmoja mmoja, Joel aliita kuhamisha karakana na nikambebea sanduku la viatu, vyote vya kulia na kushoto. Hata golikipa aliita, nikaenda, ili aone haya.

Amebaki mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati watu walipoanza kuulizana kwao ni wapi, Mama Njeri alifunga kibanda chake. Hakuna mtu wa mtaa wetu aliyemwambia aondoke, lakini nakiri hatukumwambia abaki kwa sauti ya kutosha. Asubuhi aliyoondoka alinipa lile jembe la meno matatu. "Nishikie hii," akasema. "Nikipata shamba nitakuita." Akampapasa Omondi kichwani, akapanda lori, akakaa juu ya magunia yake.

Hajaniita. Jembe liko nyuma ya mlango wa buluu. Mpini nimeubadilisha mara mbili, na kila msimu wa mvua naupaka mafuta ule uma wake usishike kutu. Nimeshawauliza wauza viazi wote wanaoshuka kutoka huko kwao milimani. Kwa hiyo nakuomba na wewe: ukimkuta mwanamke mfupi, mpana, mzee sana sasa, anayewafokea watu watupe udongo juu, mwambie Adhiambo bado ana siku yake moja ya kuchimba. Na mwambie nitakuja na omena.